Vishikio vya Shemeji Palmer

Mume wa dada yangu, Palmer Tollefsrud, hajawahi kuamini kwamba kitu kilichonunuliwa dukani kimekwisha kutengenezwa. Kwake yeye kiwanda kimeanza tu kazi, iliyobaki ni yake. Siku ya harusi yao, mwaka 1953, nilimkuta nyuma ya kanisa amechuchumaa na suti mpya, anakaza bawaba ya lango kwa ncha ya kisu, na huku ndani mchungaji ameshafungua kitabu.

"Shemeji, watu wanakungoja," nikamwambia.

"Linalia hili."

"Na dada yangu naye yuko karibu kulia."

"Dakika moja tu, Ardis," akasema, na zikawa kumi.

Mimi ndiye Ardis, mdogo wake LaVonne. Nyumba yangu na yao hapa Holmdal zimetenganishwa na ua wa nyasi na kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo mambo ya Palmer sikusimuliwa na mtu. Mengine yalinirukia usoni. Kibaniko chao cha mkate kilipoanza kutoa mkate kivivu, Palmer alikitia springi ya mlango wa wavu, na tangu asubuhi hiyo kifungua kinywa kilikuwa kinapita hewani. Mbwa wao alijifunza kungoja kando ya jokofu, akanenepa mpaka daktari wa mifugo akaanza kuuliza maswali. LaVonne alipolalamika kwamba akiwa bustanini hasikii kengele ya mlango, Palmer aliiunganisha na honi ya trekta bovu. LaVonne alisikia. Mji mzima ulisikia. Mleta barua alimwaga mfuko wote juu ya maua, na kwa mwezi mzima barua za Tollefsrud alikuwa anaziacha kwangu.

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa. Karakana yake, pale nyuma ya nyumba, ni mahali pa kuingia umevua kofia. Mifuniko ya chupa za jemu ameipigilia chini ya rafu, na chupa zenyewe zinaning'inia zimejaa misumari na nati za kila saizi; unanyoosha mkono, unazungusha, umepata. Meno ya misumeno ameyavisha mpira wa bustani uliopasuliwa ili yasimuume mtu. Msumari mdogo anaushika kwa kibanio cha nguo, ndiyo maana ana miaka sabini na vidole vyote bado vina kucha. Skrubu anaisugua kwanza kwenye kipande cha sabuni, inaingia kwenye mti mgumu bila kelele. Midomo ya jiliwa, lile koleo la kubania mbao mezani, ameifunika ngozi ya kiatu changu, kile nilichodhani kimeibwa kwenye ngazi za nyuma mwaka 1971. Viwili viliibwa, lakini kwenye jiliwa nilikiona kimoja tu.

Kwa yote hayo, dada yangu hajawahi kumsifu. Si kwamba ni mkali. Kwetu sifa ya juu kabisa anayoweza kupewa binadamu ni "si mbaya", na haitolewi ovyo. Baba yetu alimpa mama mara mbili, na mara moja kati ya hizo alikuwa na homa. LaVonne akionyeshwa kazi mpya ya Palmer huwa anasema "naona", au "kumbe". Wakati wa honi alisema "ala, Palmer".

Nyumba yao ilikuwa na sheria moja tu, nayo iliwekwa wiki ya kwanza ya ndoa. LaVonne alirithi kisukumio cha bibi yetu, kilichovuka bahari kutoka Norway ndani ya sanduku la nguo: mti mweupe, mifereji myembamba mwili mzima, na ncha mbili za kushikia zilizo nyembamba kama vidole vya mtoto. Ndicho anachosukumia lefse, chapati yetu ya viazi, na lefse ya dada yangu unaweza kuiweka juu ya gazeti ukasoma matangazo ya vifo. Palmer alikigeuza kisukumio huku na huku.

"Vishikio vyembamba hivi," akasema. "Nikutengenezee?"

LaVonne akakichukua polepole kutoka mikononi mwake. "Katika nyumba hii vitu viwili havitengenezwi, Palmer. Mimi na hiki."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza. Tafadhali iwekeni kichwani, maana kwetu mambo hayo yanahesabiwa. Mtu wa Holmdal hapokei kitu kwa kuulizwa mara moja. Ukikaribishwa kahawa unakataa. Ukikaribishwa tena unasema usijisumbue. Mara ya tatu unasema, basi, nusu kikombe, na unajaziwa kikombe kizima na keki juu yake. Baada ya mara ya tatu mlango umefungwa: aliyekubali amekubali, aliyekataa amekataa, na kumwuliza mara ya nne ni kumtukana. Tulipata mchungaji kutoka Texas aliyepokea keki mara ya kwanza tu alipoulizwa, mwaka 1968, na bado tunamzungumzia. Mchungaji huyohuyo alimwuliza Delores Kvale mara moja, katikati ya theluji, kama angependa kupelekwa nyumbani kwa gari. Delores akasema hapana, asante. Yule bwana akaondoka! Delores alitembea maili mbili, na alipofika alikuwa na haki upande wake na barafu kwenye nyusi.

Basi, mwezi wa Februari mwaka 1994 nilikuwa jikoni kwa dada yangu, nikamwona ameshika kikombe kwa viganja viwili. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba na kung'aa. Kikombe kikamponyoka, kikavunjika.

"Sabuni," akasema.

Hapakuwa na sabuni. Ilikuwa baridi yabisi, ileile iliyommaliza mama yetu mikono, na sote wawili tuliijua kwa jina. Niliokota vigae, nikasema kweli, sabuni za siku hizi zinateleza sana. Moyo uliniuma, lakini kumwambia mtu wa kwetu kwamba unamwona anaumwa ni sawa na kumfungulia mlango akiwa anaoga.

Kilichonitisha ni kibao cha kwanza. Kila Oktoba, Jumamosi ya tatu, wanawake wa kanisa hushuka chini kwenye ukumbi kutengeneza lefse mia sita za karamu ya Novemba. Vibao ni vitano. Anayesimama kibao cha kwanza ndiye anayeweka wembamba, wengine wote wanamfuata yeye. LaVonne alikuwa amesimama pale miaka ishirini na sita, baada ya mama. Na kwenye pembe ya ukumbi kuna birika kubwa la kahawa, na kando yake kiti chenye mto wa maua. Mwanamke ambaye mikono imemwisha huombwa kwa upole akapumzike pale, awe anamiminia watu kahawa. Hakuna aliyewahi kuinuka kwenye kiti kile. Mama alikalishwa akiwa na miaka sabini na mitatu, na hakusukuma tena hata lefse moja, hata nyumbani kwake. Dada yangu alikuwa na sitini na sita.

Mkuu wa jiko alikuwa Delores Kvale, yuleyule wa barafu. Mwezi wa Agosti, nje ya kanisa, alimwambia, "LaVonne mpenzi, mwaka huu hutaki ukae kidogo kwenye birika?"

"La, niko sawa."

Mwezi wa Septemba akamkuta dukani mbele ya siagi. "LaVonne mpenzi, nilikuwa nawaza tu juu ya lile birika."

"Usijisumbue, Delores."

Mara mbili hizo. Kila mtu alijua ya tatu itakuja lini na wapi, na kwamba ikija mbele ya watu dada yangu hataweza kukataa bila kuonekana mkorofi.

Na katika mwaka huohuo, kana kwamba mzigo hautoshi, Palmer akashikwa na wazimu wa vishikio. Alianza na koki za jikoni. Alizing'oa vichwa na kuziwekea mikono mirefu ya mbao, utadhani makasia. Vitasa vya milango vikatoka, ikaingia mikono ya majokofu mabovu. Kisu cha kumenyea viazi kikavishwa mpira wa usukani wa baiskeli. Vifuniko vya sufuria vikaota vigurudumu vya uzi. Chini ya rafu alipigilia vipande viwili vya mbao vilivyokutana kwenye pembe, ndani vimebandikwa msasa: unasukuma mdomo wa chupa ya jemu mle, unazungusha chupa kwa mikono miwili, kifuniko kinaachia. Ufagio ulinenepa. Ufunguo wa gari la LaVonne aliupachika kwenye ubao mkubwa kuliko kiganja, ukawa hauingii kwenye mkoba.

"Naishi ndani ya ghala la makasia," dada aliniambia. "Juzi nimefungua koki kwa kiwiko, bila kukusudia. Nilikuwa napita tu!"

Nami sikumwacha. Kila nilipomkuta Palmer na bisibisi, nilimshukia.

"Shemeji, mnahamiwa na majitu?"

"Nafanya majaribio, Ardis."

"Majaribio ya nini? Ya uvumilivu wa dada yangu?"

"Hayo nayo," akasema, akaendelea kukaza.

Wiki ya kutengeneza lefse ikafika. Siku ya Alhamisi Delores na wenzake walikuwa waje kwa LaVonne kupanga nani alete siagi na nani alete unga. Jumatano asubuhi dada aliniita, uso umemwiva.

"Ardis, Palmer ameenda kununua viazi. Chukua bisibisi hii. Ng'oa kila kitu. Delores hataingia hapa akaona nyumba yangu imekuwa sarakasi."

Nilianzia mlango wa wavu, kisha bafuni, kwa furaha kabisa. Nikang'oa kipande cha mpira kwenye mswaki wa LaVonne. Nikatafuta cha kwenye mswaki wa Palmer, hakikuwapo. Nikaenda chumbani. Taa ya upande wa dada ilikuwa na swichi kubwa ya kusukuma kwa kiganja. Taa ya upande wa Palmer ilikuwa na kile kigurudumu kidogo cha kiwandani kinachokata kucha. Droo zake LaVonne zilikuwa na vitanzi vya ngozi, za Palmer zilikuwa na vifundo vya zamani, kimoja hata kimelegea. Zipu ya koti la dada ilikuwa na pete ya kuingiza kidole. Zipu ya koti la Palmer ilikuwa imekatika kabisa, amefunga na pini.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda na bisibisi mkononi. Nimeishi miaka sitini na miwili nikijisifu kwamba katika ukoo huu mwenye macho ni mimi. Niliona haya, nasema kweli. Miezi minane namkejeli mtu, naye kwenye nyumba nzima hakugusa kitu chake hata kimoja.

Palmer aliporudi nilimfuata karakana kabla hajashusha magunia.

"Shemeji. Unajua kuhusu mikono yake."

Akachukua kopo la nati, akaanza kuzipanga. "Tangu Februari. Anaamka asubuhi anaikunja chini ya blanketi kwanza, anadhani nimelala."

"Amekuambia?"

"Hajaniambia."

"Wewe umemwambia kwamba unajua?"

Aliniangalia kama nimemwuliza kwa nini hatembei uchi. "Ardis, hajaniambia."

"Miaka arobaini na moja mko ndani ya nyumba moja!"

"Ndiyo. Na hatujagombana."

Nje tulisikia LaVonne anapigana na mlango wa wavu, kishikio nimeshakitoa mimi. Palmer naye alisikia. Akafumba macho.

"Na kisukumio?" nikamwuliza. "Umebadilisha nyumba nzima. Kile kinachomuumiza kuliko vyote hujakigusa."

"Alikataa."

"Mwaka 1953!"

"Nilimwuliza tena jana. Nilisema, LaVonne, kile kisukumio, nikuangalizie? Akasema usijisumbue."

"Basi hizo ni mbili, shemeji."

"Najua kuhesabu."

"Sasa si umwulize ya tatu?"

Palmer aliweka nati chini. Ni mtu mrefu, mikono yake imejaa makovu madogo, na sikuwahi kumwona anaogopa kitu, hata umeme, ambao angepaswa kuuogopa. "Akikataa ya tatu, imekwisha," akasema. "Siwezi kuuliza tena maisha yangu yote. Atasukuma na kile kijiti mpaka mikono ife, nami nitakuwa nakaa pale natazama."

Nilimwacha, nikavuka kwenda jikoni. Dada alikuwa amekaa, viganja amevitia kwapani.

"LaVonne, kwa nini usimwache Palmer akutengenezee kisukumio?"

"Hajaniuliza."

"Amekuuliza mara mbili!"

"Ndiyo," akasema, akanitazama kwa mshangao wa mtu anayemfundisha mpumbavu. "Mara mbili."

Mungu anisamehe, nilitamani kuchukua vichwa vyao viwili nivigonganishe. Lakini hata mimi ni wa hapahapa. Ningemwambia Palmer kwamba dada yuko tayari, ningekuwa nimemvua nguo dada. Ningemwambia dada kwamba Palmer anaogopa, ningekuwa nimemvua nguo shemeji. Kwa hiyo nilifanya ninachoweza: nilirudisha kila kishikio nilichong'oa, nikamwambia LaVonne skrubu zimeganda. Tena nilisema Palmer amezitia gundi. Aliamini mara moja.

Alhamisi wageni wakaja. Walikataa kahawa mara mbili, wakanywa. Hakuna aliyecheka. Macho yalizunguka kwenye makasia, kisha yakarudi kwenye vikombe, na mtu mmoja akasema hali ya hewa imekuwa nzuri. Delores alienda kunawa mikono. Aliisukuma koki kwa kidole kimoja, maji yakatoka. Akaifunga. Akaisukuma tena. Alinawa mikono mara tatu alasiri ile, na keki yenyewe ilikuwa kavu isiyochafua mtu.

Jumamosi tulishuka ukumbini saa moja asubuhi. Kulikuwa na harufu ya viazi na bamba za chuma zinazopashwa moto. Palmer na wanaume wengine wawili walikuwa kwenye sinki kubwa, maana kwetu wanaume siku ile huosha masufuria na hawana neno. LaVonne akafunga aproni, akatandika kitambaa kwenye kibao cha kwanza, akanyunyiza unga. Kisukumio cha bibi kikatoka kwenye soksi kinamohifadhiwa. Mimi nilikuwa kibao cha pili, namwona kwa jicho la pembeni.

Ya kwanza ilitoka nyembamba, duara kamili. Ya pili pia. Kwenye ya tatu nilisikia pumzi yake. Ya nne ilikuwa na upande mmoja mnene, akaigeuza haraka kwenye bamba kwa kijiti kirefu cha kugeuzia ili isionekane, lakini vibao vyote vitano vilikuwa vimeona. Hakuna aliyeinua kichwa. Ya tano ikachanika katikati. Akaikusanya, akaanza upya, akakaza vidole, na kisukumio kikamponyoka, kikaanguka sakafuni, kikabingirika chini ya meza zote kikilia kwenye mifereji yake mpaka miguuni pa Palmer.

Dada yangu alisimama mikono imejaa unga, hana pa kuiweka.

Nikamwona Delores anapangusa vidole kwenye aproni. Taratibu. Akaanza kuja. Uso wake ulikuwa wa huruma kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari.

Nilitupa unga, nikafika sinki kabla yake. Nilimkanyaga Palmer mguu kwa nguvu zote za ukoo wetu.

"Mwulize," nikanong'ona.

"Nini?"

"Ya tatu, shemeji! Sasa hivi! Mwenzio anakuja na yake!"

Alikuwa ameinama amekiokota kisukumio, povu linamtiririka viwikoni. Alimtazama Delores, aliyebakiza hatua nne. Akamtazama mkewe.

"LaVonne mpenzi," Delores akaanza, "kwa nini usi..."

"LaVonne!" Palmer akasema, kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya ziwa. Mwanamume hakuwahi kumkatiza mwanamke kwenye ukumbi ule tangu ulipojengwa. Sahani ilimteleza mtu. "LaVonne, kisukumio hiki. Nikutengenezee?"

Delores alibaki mdomo wazi, neno lake liko hapo katikati, haliwezi kwenda mbele wala kurudi, maana dada yangu tayari alikuwa ameulizwa kitu na mtu mwingine, na kwa mara ya tatu. Wote tulikuwa tunahesabu. LaVonne alimgeukia mumewe. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Basi," akasema, "kama huna kazi nyingine."

Nilidhani Palmer atakimbilia karakana na tutangoja hadi mchana. Alikausha mikono, akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, lile la pini, akatoa kitambaa. Ndani mlikuwa na vishikio viwili vya mti wa mtufaha, ule ulioangushwa na dhoruba uani kwao. Vilikuwa vinene, vimetiwa nta, na vimechongwa vikabonyea mahali fulani na kujaa mahali fulani. Baadaye aliniambia alivipima kwa glovu kuukuu za bustani za LaVonne, pale zilipolika. Kila kimoja kilikuwa vipande viwili vinavyokumbatia ncha ya kisukumio na kufungwa kwa pete ya waya. Alikuwa ametembea navyo mfukoni tangu Machi.

"Sijatoboa," alimwambia, sauti imemshuka. "Hakuna msumari. Ukichukia unavitoa, kitakuwa kama cha bibi yako. Ncha inazunguka humu ndani, mkono wako unatulia. Huhitaji kukaza. Weka kiganja tu."

Ndani alikuwa ametandika ngozi laini, imepakwa mafuta. Niliinama kuangalia. Ilikuwa ya kahawia, yenye mshono mweupe ninaoufahamu.

"Shemeji," nikasema, "hicho ni kiatu changu cha pili."

"Kilikuwa kimeachwa nje," akasema.

LaVonne alitandika unga upya. Akaweka donge. Akaweka viganja juu ya vishikio, vidole vimelegea, hata havikujikunja vizuri, akasukuma kwa mabega. Kisukumio kikapita bila sauti. Akageuza, akasukuma, akageuza. Donge likaenea mpaka maua ya kitambaa yakaonekana chini yake. Akaipeleka kwenye bamba. Akachukua donge lingine, na lingine, nasi wote tukajifanya tunafanya kazi. Kwenye ya saba akasimama, akapangusa unga kwenye shavu kwa mkono wa juu, na bila kumtazama mtu yeyote akasema, kwa sauti ya kutosha kufika sinki:

"Si mbaya."

Palmer aliweka sufuria chini. Akasema anakwenda kuangalia gari.

Delores akarudi kwenye kibao chake. Baada ya muda nikamwona anapita karibu na sinki, anaacha pale kikamulio chake cha viazi, kile cha kubana kwa mikono miwili. "Hiki kinakuwa kigumu kidogo," akamwambia bwana mmoja aliyekuwa anaosha, kama anazungumza na ukuta. "Lakini Palmer asijisumbue." Hapo ndipo nilipotazama vidole vyake, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, na hasira yangu yote juu yake ikaniishia. Kiti cha mto wa maua kilikuwa kitupu, birika linajichemkia peke yake.

Dakika ishirini zikapita, Palmer hajarudi. Nikavaa koti, nikatoka. Alikuwa kwenye uwanja wa kuegesha magari, boneti imefunguliwa, ameinamia injini. Hakuwa na bisibisi, hakuwa na kitambaa. Alikuwa amejiinamia tu, mabega yanatikisika kidogo, na baridi ile.

Nilisimama upande wa pili wa gari, nikaangalia injini na mimi.

"Mafuta yako sawa?" nikamwuliza.

"Yako sawa."

"Maji?"

"Nayo yako sawa." Alipangusa pua kwa kiganja. "Umesikia alichosema?"

"Nimesikia, shemeji."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu wote," nikasema. "Sasa rudi ndani, utaganda."

"Hapana, niko sawa."

"Rudi ndani, Palmer."

"Usijisumbue, Ardis."

Nikangoja kidogo, apate kujipangusa uso. Kisha nikamwambia mara ya tatu.